"Nipe Wali": Neno la Amri na Neno la Ombi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza nguo mjini Mukono, Uganda, na Kiswahili nilijifunza ukubwani. Mwezi uliopita nilifuata mali Kariakoo, Dar es Salaam, nikamwambia mama ntilie, "Nipe wali na maharage." Alinitazama kwa muda, kisha akauliza, "Kaka, kwani tumegombana?" Niliporudi nilimsimulia mama yangu, ambaye ametimiza miaka 70, naye badala ya kunipa pole akasema kwamba lugha hiyo ni ya askari na majambazi, niachane nayo. Nilikosea wapi, na kwa nini mama anakichukia Kiswahili ambacho wenzetu wanakionea fahari? – Msomaji, Mukono.

JIBU: Ndugu msomaji, sarufi yako haikuwa na kasoro yoyote. Katika mikahawa mingi ya Nairobi ungeletewa wali wako bila mtu kuinua macho, kwa sababu huko "nipe" ni neno la kawaida la mteja. Mtanzania, hasa wa pwani, huagiza kwa kuomba hata kama fedha anazo mkononi: "Naomba wali," au "Nisaidie maji." Kwake kitenzi cha amri kisichofunikwa na chochote ni cha kumwambia mtoto, au mtu mliyekosana naye.

Wala adabu hiyo si ngeni kwako. Kwa Kiganda usingemwambia mzee "mpa amazzi" (nipe maji) ukaishia hapo. Ungesema "mpaako amazzi, bambi" (nipe maji kidogo, tafadhali), na "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (bibi) ingefuata. Ulipovuka kuingia katika Kiswahili uliichukua "mpa" ukaiacha "bambi" nyumbani. Kila jamii ina mahali pake pa kuficha heshima: Batoro na Banyoro huiweka katika empaako, yale majina ya heshima kama Akiiki, Amooti na Adyeri, na mtu anayesalimia bila kuuliza empaako ya mwenzake huonekana hakulelewa, hata maneno yake yawe matamu namna gani.

Swali la mama yako ni zito zaidi, na naona linafungamana na la kwanza. Kiswahili kiliwafikia watu wengi wa Buganda kikiwa na sare na bunduki. Kilikuwa lugha ya jeshi la kikoloni la Waingereza, KAR (King's African Rifles). Gowers, gavana wa Kiingereza wa Uganda, alipotaka mwishoni mwa miaka ya 1920 kipewe nafasi kubwa shuleni, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alipinga, akihofia Kiganda na hadhi ya ufalme wake. Idi Amin, mtawala wa kijeshi, alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo lililozidi kukipaka rangi ya kambi. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ukaja msako wa askari waliokamata watu na kuwapakia malori, ambao wakazi wa Kampala wanaukumbuka mpaka leo kwa jina lake la Kiswahili: "panda gari." Mama yako alikuwa kijana wakati huo. Kiswahili alichokisikia kwenye vizuizi vya barabarani kilikuwa cha amri tupu, na nashuku kwamba hata "nipe" yako imetokana na Kiswahili hichohicho kilichosalia masikioni mwa mji.

Nenda Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, usikie mengine. Vijana wengi wa kaskazini waliandikishwa jeshini, kwa hiyo katika nyumba nyingi za huko Kiswahili kilikuwa lugha ya mshahara wa baba, na sokoni kiliwaunganisha na wafanyabiashara wa Kongo. Mzee wa Arua na mzee wa Mukono wanaweza kusikia sentensi ileile, mmoja akatabasamu na mwingine akashtuka.

Ndiyo maana sitarajii mengi kutokana na karatasi pekee. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini hakuna linalomgusa mama yako katika hayo. Jaribu hivi: jioni, atakapokuwa ametulia, mwambie, "Mama, shikamoo. Naomba chai." Sidhani kama askari yeyote aliwahi kumwambia hivyo.