Toa karanga kwenye huo unga lishe kabla hujaenda mashineni

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba una akina mama 25 wa kipato cha chini na hela ya kuanzia si nyingi. Mpango wako ni kusaga kilo 100 za "unga lishe wa nafaka saba" (mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga), uwagawie siku ya kwanza ya mafunzo, uwatoshe miezi mitatu. Halafu ukauliza ratiba ya vipindi, namna ya kupima matokeo, na habari za TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Hayo yatasubiri. Huo unga usiusage.

Kwanza hesabu yenyewe haiendi. Soya na karanga si nafaka. Zinabaki tano, na nafaka tano ni kundi moja tu la chakula. Mtoto aliyekula mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano kwenye kikombe kimoja amekula wanga mara tano. Angalia Iringa: mahindi yamejaa maghalani, na bado utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 30. Nafaka wanayo, kinachokosekana ni kinachoingia pembeni yake.

Sasa karanga. Karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Ikiwa nzima, mafuta yamefungiwa ndani. Ukiisaga, yanakutana na hewa. Mashine zetu za nyundo nazo hazipendi mafuta: chekeche linaziba, mwenye mashine anakasirika, anabadilisha anaweka lenye matundu makubwa, unatoka na unga wa chenga. Baada ya wiki chache kwenye mfuko, unga unashikana mabonge na kunuka kama mlango uliopakwa rangi jana. Na mama wa kipato cha chini hamwagi unga, mkuu. Anaongeza sukari. Mtoto anakataa, na kwenye ripoti yako unaandika "mwitikio wa jamii ulikuwa mdogo".

Hilo la kuchacha ndilo dogo. Kubwa ni sumukuvu. Karanga na mahindi ndivyo vinavyoongoza kwa kupata ukungu unaotoa sumu hiyo, na sumu haikai sawasawa gunia zima. Punje chache zinabeba nyingi sana, nyingine ni safi. Zikiwa nzima una nafasi: unamwaga kwenye ungo, unatoa zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye madoa meusi, zenye vumbi la kijani au la njano. Kuchambua kwa mkono kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa kuliko chochote utakachofanya jikoni. Ukishasaga, konzi moja ya karanga mbovu imesambaa kwenye kilo 100, na hakuna jicho litakaloiona. Moto hauisaidii. Sumukuvu inastahimili joto la zaidi ya nyuzi 200, uji unachemka kwa 100. Kwa hiyo yule anayekwambia "chemsha sana itakufa" muulize kama jiko lake ni tanuru.

Si mambo ya kutishana. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu, 20 wakafariki. Kenya mwaka 2004 waliugua 317, wakafariki 125. Hao ni wa sumu nyingi kwa mkupuo. Kidogo kidogo kila siku hakionyeshi dalili, kinakula ini. Na wewe ndiye unataka kuwagawia watoto wa miezi sita, kila siku, kwa miezi mitatu, kutoka mfuko mmoja.

Kosa linalogharimu kuliko yote ni lile ambalo kila mtu anaona ni usafi: kuosha nafaka kabla ya kusaga, kisha kuanika siku moja na kwenda mashineni. Punje ikikauka juu, ndani bado ina maji. Unga wake unafungwa kwenye mifuko ya plastiki, unatoa jasho, ukungu unaamka. Hapo ndipo kilo zangu 80 zilipoishia shimoni, sina hadithi ya kuongeza. Mnaocheka chekeni, ila ulinukia vizuri sana siku tisa za mwanzo. Na yule bwana wa semina aliyetufundisha kwamba "viungo vikizidi ndivyo lishe inavyozidi", slaidi zake zina rangi kama khanga za harusi, hakuwahi kutaja neno unyevu. Posho alipokea siku ile ile. (Na unga ukiharibika usimpe kuku wala ng'ombe. Kwa ng'ombe sumu inarudi kwenye maziwa.)

Kupima unyevu hakuhitaji kifaa. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, jaza punje hadi theluthi moja, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Ikianguka yote chini, uko chini ya hapo, lakini unga wa kuhifadhi unataka kama 13 na nusu, kwa hiyo anika siku moja zaidi. Juu ya turubai au kichanja, siyo ardhini.

Soya nayo ukiisaga mbichi ina vizuizi vinavyomzuia mtoto kumeng'enya protini. Itie kwenye maji yanayochemka tayari, dakika 20 hadi 30, sugua utoe maganda, anika ikauke kabisa, kaanga, ndipo usage. Kama huna muda wa hatua zote hizo, iache kabisa, maharage ya kuchemsha na kuponda yanatosha.

Kanuni ni hii, iandike ukutani: KWENYE MFUKO NAFAKA TUPU, VINGINE VYOTE SUFURIANI. Nafaka moja, mbili zikizidi. Mahindi uliyoyachambua vizuri saga dona. Usiyoyaamini koboa, maana sumu nyingi hukaa kwenye ganda, na pumba zake usilishe mfugo.

Sufuriani iko hivi: vijiko vya chakula vitano vya unga, vilivyosawazishwa (kama gramu 40), maji kikombe kimoja na nusu. Uji ukishaiva, weka kijiko kimoja cha karanga zilizochambuliwa, zikakaangwa na kutwangwa laini. Unga peke yake ni takriban kilokalori 145, na kijiko hicho kimoja kinaipeleka kwenye 230. Mtoto anayenyonya wa miezi 6 hadi 8 anahitaji takriban 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, na tumbo lake linapokea kikombe kisichojaa kwa mlo mmoja. Ndiyo maana uji wa maji maji unamjaza bila kumshibisha. Inua kijiko: uji udondoke polepole, usimiminike.

Ukiwa mzito hamezi? Usiongeze maji. Uepue, upoe hadi kidole kivumilie, weka kijiko cha chai cha unga wa kimea cha ulezi (ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa), koroga, subiri dakika kumi. Unalainika wenyewe mbele ya macho yao, na hapo ndipo akina mama wanapoacha kuangalia simu. Urudishe uchemke tena kabla ya kumpa mtoto.

Karanga za kutwanga zisizidi za wiki moja, kwenye chupa yenye mfuniko. Dagaa vivyo hivyo: toa vichwa na mchanga, kausha, twanga, kopo lake peke yake.

Kupima matokeo: usiwaulize "mmejifunza nini", watakuimbia makundi ya chakula kama wimbo wa taifa. Uliza "jana tangu mtoto aamke hadi alale alikula nini?", uhesabu makundi, maziwa ya mama yakiwemo. Lengo la umri wa miezi 6 hadi 23 ni matano kati ya manane. Fanya kabla ya mafunzo na miezi miwili baadaye.

TBS: kama unagawa punje na maelekezo, hilo halikuhusu sana. Ukianza kuuza unga kwenye mifuko nenda kwao, masuala ya chakula yako huko tangu 2019.

Na kama karanga umeshanunua, usizirudishe dukani kwa hasara. Gawa zikiwa bado na maganda, kilo kilo, na kipindi cha kwanza mwambie kila mama aje na ungo wake.