Bando lipo, video haiendi: maswali ya watumiaji wa Linux

Safari hii karibu kila ujumbe umeanza na lawama kwa mtandao wa simu. Sitautetea. Lakini video hupitia hatua tatu kabla hujaiona: mtandao unaileta, kivinjari kinapata ruhusa ya kuifungua, kisha mashine inaisimbua picha moja baada ya nyingine. Nikisoma mnayoeleza, naona wengi mmekwama kwenye hatua ya tatu huku mkiendelea kununua bando.

*Shikamoo fundi. Nasoma chuo hapa Malimbe. Nina laptop ya mtumba, Core i5 ya 2013, nimeweka Linux Mint. YouTube kwenye Firefox inakatakata na feni inanguruma. Simu yangu kwa hotspoti hiyohiyo inaonyesha safi. Tatizo nini?*

Marahaba mwanangu. Simu imeshakujibu nusu ya swali. Nusu nyingine utaipata ukibofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya video yenyewe na kuchagua "Stats for nerds". Buffer Health ni sekunde za video ambazo zimeshaingia zikisubiri zamu. Ikisoma 20 au 30 na picha bado inakatakata, mtandao hauna kosa. Palipoandikwa "dropped" ni idadi ya picha ambazo mashine imezitupa kwa kushindwa kuzimaliza kwa wakati. Kisha angalia mstari wa Codecs, yaani mbinu iliyotumika kuibana video, na hapo nadhani utakuta vp09 (VP9) au av01 (AV1).

Kiini cha tatizo lako ndicho hicho. Chipu ya picha ya Intel ya mwaka huo ina kisimbuzi, yaani sehemu ya kufungua video, cha mbinu ya H.264 ndani yake, lakini haina cha VP9 wala AV1. Intel waliikamilisha VP9 kwenye kizazi cha saba, na AV1 ikaja na kizazi cha 11 mwaka 2020. YouTube ikikutumia VP9, kazi yote inamwangukia prosesa, ndiyo maana feni inalia.

Weka kiendelezi cha h264ify kwenye Firefox, nacho kitaiomba YouTube ikupe H.264. Halafu fungua terminali, sakinisha i965-va-driver (programu ya kuendesha chipu hiyo ya picha) na vainfo (ya kuikagua), kisha andika vainfo. Ukiona mistari yenye H264 na neno VLD, kisimbuzi kinaonekana. Firefox imekuwa ikikitumia chenyewe kwa chipu za Intel tangu toleo la 115 la mwaka 2023. Kuthibitisha, andika about:support sehemu ya anwani na utafute jedwali la kodeki.

Gharama ipo, na inamhusu mwanafunzi hasa: kwa ubora uleule H.264 hula data nyingi kuliko VP9. Baki kwenye 720p. Kwa skrini ya laptop hiyo hutapoteza cha maana.

*Fundi, niko Nansio, Ukerewe. Yangu haikatikati, inasimama kabisa na duara linazunguka. Kompyuta ni mpya.*

Wewe ndiye mwenye haki ya kulaumu mtandao. Fungua takwimu hizohizo. Buffer Health ikishuka hadi sifuri na hakuna picha zilizotupwa, data haifiki kwa kasi ya kutosha. Netflix, kwa mfano, wanashauri megabiti 3 kwa sekunde kwa 720p na 5 kwa 1080p. Chagua 480p kwa mkono wako, usiiachie iamue yenyewe. Linux hapa haina la kusaidia.

*Habari za kazi fundi. Ni mwalimu, Sengerema. YouTube inacheza vizuri, Netflix inagoma na kunipa namba ya kosa tu. Natumia Chromium na pia Firefox.*

Salama mwalimu. Hiyo ni ruhusa. Filamu za kulipia hufungwa kwa kufuli la kidijitali, na kwa vivinjari hivi viwili ufunguo wake unaitwa Widevine, mali ya Google. Chromium inayotoka kwenye hazina za Linux mara nyingi huja bila huo ufunguo kwa sababu si programu huria. Chrome ya Google inao. Kwenye Firefox ingia Settings, sehemu ya General, weka tiki kwenye "Play DRM-controlled content", kisha subiri ipakue. Usizime hotspoti katikati. Baada ya hapo zima Firefox na uiwashe upya.

Usitegemee 4K. Widevine ya Linux hufanya kazi kwa programu tupu bila ulinzi wa ndani ya chipu, na wenye filamu hawaiamini kwa ubora wa juu. Unalipa sawa na mwenye Windows na kupewa pungufu. Mimi naona si haki, ila hakuna mpangilio wa kubadilisha hilo.

*Nina saluni Igoma. Nimeunga laptop kwenye TV kwa HDMI, picha iko kwenye TV, sauti imebaki kwenye laptop.*

Dada, sakinisha pavucontrol, programu ya kupanga sauti, ifungue, nenda Configuration, chagua HDMI. Basi.

*Bwana fundi, kompyuta ya dukani kwangu Igogo, nauza nyavu. Ni ya zamani sana, biti 32. Chrome inakataa kusakinishwa.*

Google waliacha kutoa Chrome ya Linux kwa biti 32 mwezi Machi 2016, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Ila kabla hujaitupa andika lscpu. Mstari wa CPU op-mode ukitaja 32-bit na 64-bit pamoja, prosesa yako ni ya biti 64 na aliyekuwekea mfumo ndiye alikosea. Weka Linux ya biti 64, na kama RAM ni GB 2 chagua yenye Xfce, mwonekano mwepesi wa skrini. Ukitaja 32-bit peke yake, iache ihesabu mauzo, mpira uangalie kwenye simu.