Bendi ikivunjika umfuate nani? Jibu la shabiki wa Sikinde, Ndekule na Msondo

Mdogo wangu wa Mwanza, umeuliza kuhusu bendi yenu ya hapo mjini. Mwimbaji na mpiga gitaa la solo wamegombana na mwenye vyombo wakahama, waliobaki wanaendelea kupiga kwa jina lile lile, na sasa kuna tetesi kwamba watarudiana. Unataka kujua ushike upande upi, na kama bendi iliyovunjika ikirudi huwa ni ile ile. Waliotangulia kujibu wamegawanyika: wengine wanasema shika jina la bendi, wengine wanasema mfuate mwimbaji. Mimi ni mtu wa muziki wa dansi hapa Dar es Salaam tangu ujana wangu. Niruhusu nikujibu kwa urefu, maana swali lako haliishi kwa mistari miwili.

Kwanza ujue kwamba kwenye dansi kuhama si ajali, ndivyo muziki wenyewe ulivyojengwa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Vyombo vilikuwa vya chama, jina lilikuwa la chama, na hata jina hilo lilipobadilika kuwa Juwata, baadaye OTTU, halikubadilika kwa matakwa ya wapigaji bali kwa sababu chama chenyewe kilibadilika. Ilikuwa hivyo karibu kila mahali. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima, na jeshi lilikuwa na bendi zake. Mpiga gitaa hodari alikuwa anaondoka na vidole vyake tu, gitaa linabaki ukumbini. Kwa hiyo akitokea mtu mwenye vyombo vipya na mshahara mzuri zaidi, unategemea mwanamuziki afanye nini?

Ndivyo ilivyozaliwa Mlimani Park mwaka 1978. Muhiddin Maalim Gurumo, aliyekuwa nguzo ya Juwata tangu enzi za NUTA, akaondoka. Wengine wakatoka bendi ya Dar International, akiwemo Abel Balthazar na gitaa lake. Michael Enoch, yule tuliyemwita Ticha kwa sababu alifundisha wapigaji wengi mno, akawa kiongozi. Hassan Rehani Bitchuka naye akafuata kutoka Juwata. Mtindo wakauita Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo, na bendi yenyewe tukaiita hivyo hivyo, na mwaka 1983 bendi ikawa mali ya shirika la jiji, DDC. Mimi wakati ule wa 1978 nilikuwa mdogo. Mgawanyiko ule niliukuta nyumbani Magomeni kwa kaka zangu: mmoja alibaki Msondo, yaani Juwata, mwingine akaenda Sikinde, na chakula cha jioni kilikuwa mjadala. Mama alikuwa anazima redio ili tule.

Mwaka 1985 zamu yangu ikafika.

Nilikuwa kijana, Sikinde ndiyo bendi yangu, na ukumbi wao wa DDC Kariakoo nilikuwa naujua kona zote. Kilichonishika pale si mwimbaji mmoja. Ni sauti mbili. Gurumo alikuwa na sauti nzito, ya mtu mzima anayesema nawe jambo la nyumbani. Bitchuka sauti yake ilikuwa nyembamba, ya juu, tamu kiasi kwamba hata wimbo wa msiba ungetamani usiishe. Wakiimba pamoja, ile nzito inakaa chini, ile nyembamba inapita juu yake, halafu tarumbeta zinajibu. Nimesikia waimbaji wengi bora tangu wakati ule. Mchanganyiko ule sijausikia tena.

Basi habari zikaenea mtaani kwamba Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, amewachukua watu wa Sikinde kwa mkupuo. Gurumo amekwenda, Bitchuka amekwenda, Balthazar amekwenda. Hakukuwa na simu za mkononi wala mitandao. Habari ilikuja kwa mdomo, na kila aliyeileta aliongeza jina jingine la aliyehama. Wiki ile barazani kwetu watu wazima waligombana kweli kweli. Kuna jirani alisema hawa ni wasaliti. Mwingine akamjibu kwamba mtu mwenye watoto hawezi kuitwa msaliti kwa kufuata mshahara. Mimi nilikuwa upande wa huyu wa pili, na niko hapo hadi leo.

Nikaenda Kimara kuwasikiliza. Kwa kijana wa Magomeni enzi zile, Kimara usiku ilikuwa safari. Mabasi ya UDA yalikuwa machache, na kurudi alfajiri ilibidi ubahatishe lori au utembee na wenzako. Mtindo mpya waliuita Ndekule. Vyombo vilikuwa vizuri, sauti safi, na zile sauti mbili zilikuwepo zikiimba tungo mpya. Nilifurahi sana. Lakini kufika katikati ya usiku nilianza kukosa kitu ambacho sikuweza kukitaja, na nilikielewa niliporudi Kariakoo siku nyingine kuwasikiliza waliobaki.

Hapo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo lilipo jibu la swali lako la kwanza.

Kule Kariakoo, Sikinde waliobaki walikuwa wanapiga nyimbo zile zile tulizozizoea. Sehemu za Bitchuka aliimba mtu mwingine. Watu wa mbele walikuwa wamenuna, wamekunja mikono, wanamsubiri akosee. Aliimba vizuri tu. Na wimbo ulipofika kwenye chemko, pale maneno yanapopungua na magitaa yanapoachiwa, mambo yalikuwa palepale. Gitaa la rizimu linazunguka, besi inatembea inavyotembea Sikinde, tarumbeta zinaingia kwa mpangilio ule ule wa Ticha. Waliokunja mikono wakaanza kusogea. Ndipo nikaelewa nilichokikosa Kimara: sauti zilihama, lakini mwendo haukuhama. Kimara nilipata sauti zangu juu ya mwendo mgeni. Kariakoo nilipata mwendo wangu chini ya sauti ngeni. Hakuna upande uliokuwa na bendi yote.

Halafu kulikuwa na redio, na hapa sijui kama vijana wa leo mnaweza kuhisi uzito wake. Bendi zilirekodi studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na ndiyo ilikuwa redio yetu, kwa sababu redio binafsi zilikuja miaka ya 90. Sasa, Bitchuka yuko Ndekule, lakini mchana RTD inapiga Sikinde na sauti ni yake. Unakula ugali unamsikia akiimba kwa bendi aliyoihama, kwa utulivu kabisa, kana kwamba hakuna lililotokea. Wimbo ulibaki na bendi. Mtunzi alikwenda na kichwa chake tu. Kaka yangu wa Sikinde alikuwa anarekodi nyimbo kutoka redioni kwa kaseti, na kwenye kaseti moja unakuta Juwata, Sikinde na Ndekule zimefuatana, na mwimbaji ni yule yule kwenye zote tatu. Kwa kweli kaseti zile ndizo zilizonifundisha kusikiliza watu badala ya majina.

Ndekule haikudumu. Ilikuwa tamu, ilitupa nyimbo ambazo bado nazipenda, lakini haikuzidi miaka michache ikatawanyika. Na sasa tunafika kwenye swali lako la pili, la kurudi.

Bitchuka alirudi Sikinde. Gurumo yeye hakurudi Sikinde, alirudi Msondo, bendi aliyoiacha mwaka 1978. Yaani zile sauti mbili zilizohama pamoja ziliachana kwenye njia ya kurudi, kila moja ikaenda kwa hasimu wa mwenzake. Nilitarajia warudi wote wawili mahali pamoja, na nilihuzunika kwa muda mrefu. Lakini nilikwenda kote kuwili.

Bitchuka aliporudi Sikinde, ukumbi ulimpokea kwa shangwe na noti zilibandikwa kwenye paji la uso wake. Nyimbo zake za zamani zilipigwa, sauti ilikuwa bado ya juu. Hata hivyo hakuimba zile za zamani tu. Kulikuwa na waimbaji waliokuja baada yake, wenye tungo zao ambazo mashabiki wapya walizijua, naye alisimama pembeni akawaitikia. Nilimheshimu sana kwa hilo. Bendi ilikuwa imeishi bila yeye, na yeye alikubali kwamba ilikuwa imeishi.

Kwa Gurumo huko Msondo mambo yalikuwa tofauti. Aliikuta bendi yenye TX Moshi William, mwimbaji na mtunzi ambaye kizazi kizima kilikuwa kimeshamfanya wake. Gurumo akakaa kama mzazi. Alikuwa anapanda jukwaani baadaye usiku, anaimba zake chache, halafu anawaachia. Nilipenda kumwangalia wakati TX anaimba: ametulia, anafuatilia kila mstari. TX alifariki mwaka 2006, na Gurumo aliendelea kusimama na Msondo hadi alipostaafu mwaka 2013.

Kisha kulikuwa na usiku wa mapambano, Msondo na Sikinde ukumbi mmoja, majukwaa mawili yanaangaliana. Mpaka miaka ya karibuni mashabiki bado walikuwa wanajaza TCC Chang'ombe au DDC Kariakoo kwa ajili hiyo, hasa sikukuu. Kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa kurudiana kwa kweli. Hawakuimba pamoja. Gurumo alikuwa kule, Bitchuka huku, bendi moja ikimaliza nyingine inaanza. Lakini ukisimama katikati ya ukumbi ulikuwa na wote wawili usiku mmoja, na kichwani mwako unaweza kuzipanga zile sauti zinavyotakiwa kukaa. Tulikuwa wengi tuliosimama katikati. Tulijuana kwa sura.

Gurumo alipostaafu, baada ya zaidi ya nusu karne jukwaani, Diamond Platnumz alimzawadia gari. Tulishukuru, lilikuwa jambo la heshima kutoka kwa kijana. Lakini mimi nilikaa nikafikiria vile vyombo: NUTA, Mlimani, Safari Sound, vyote alivitumia, hakuna hata kimoja kilichokuwa chake. Mzee wetu alifariki Aprili 2014. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba mwanamuziki aliyehama ni msaliti, huwa namuuliza: vyombo ni vya nani? Na wewe nakuuliza hivyo hivyo kuhusu bendi yenu. Kama ugomvi ni wa vyombo na malipo, watarudiana siku malipo yakikaa sawa, na wataachana tena yakiharibika. Kama ugomvi ni wa mtu na mtu, wanagombea chumba kimoja au mwanamke mmoja, hapo usitegemee sana.

Sasa ushauri wangu, maana uliuomba.

Usichague upande. Nenda kote. Lipa kiingilio kote, kwa sababu wiki za mwanzo baada ya kuvunjika ndizo ngumu zaidi, na bendi nyingi hufa hapo, kabla hazijapata nafasi ya kujua kama zinaweza kuishi. Yule aliyepewa kuimba sehemu za aliyehama, mtuze. Mtuze hata kama hajafikia, na usimpigie kelele za jina la mwenzake. Nimeona vijana wazuri wakivunjwa moyo na mashabiki waliodhani wanaonyesha mapenzi.

Warekodi sasa hivi, pande zote mbili. Sisi tulikuwa na RTD, na bila maktaba ile nusu ya nyimbo ninazozitaja hapa zingekuwa hadithi tu za wazee. Bendi yenu ya ukumbini hakuna anayeirekodi. Una simu mfukoni. Kaa karibu na spika lakini si mbele yake, rekodi wimbo mzima kuanzia mwanzo hadi chemko liishe, uandike nani alikuwa anapiga nini. Miaka kumi ijayo utanishukuru.

Na wakirudi, nenda usiku wa kwanza, lakini usitoe hukumu usiku huo. Usiku wa kwanza kila mtu anafurahi, na furaha inaficha mengi. Nenda mwezi wa pili, siku ya katikati ya wiki, ukumbi nusu tupu, ndipo utasikia kama bado wanasikilizana. Angalia kama aliyehama anaimba nyimbo zilizotungwa alipokuwa hayupo. Akikataa kuziimba, amerudi kwa jina tu. Akiitikia vibwagizo vya wenzake, amerudi kweli.

Kuna jambo hukuliandika, na bila hilo siwezi kukuambia zaidi. Umesema mwimbaji na mpiga solo wamehama. Mpiga besi na mpiga rizimu wako wapi? Wamebaki wote wawili, au wamegawanyika? Tuambie hapa, na utaje wanapiga ukumbi gani, nina mpwa wangu anaishi Kirumba nitamtuma Jumamosi akawasikilize.