Neno lenye kinyota: anza kulisoma mwishoni

Mlango wangu wa kuingilia maneno ya kale yaliyoundwa upya ulikuwa Kijerumani, hasa wingi wa nomino zake. Mgeni ni Gast, wageni ni Gäste. Kwa nini a igeuke ä? Mwalimu alijibu, "Kariri tu." Jibu nililipata baadaye kwenye neno la lugha mame ya Kijerumaniki, yaani lugha ya kale iliyozaa Kijerumani na ndugu zake: *gastiz. Waliosoma isimu ya Kibantu wanakijua kinyota hicho: neno halikukutwa limeandikwa, limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizozaliwa humo.

Ushauri wangu ni huu: usianze kwa kukariri jedwali zima la maumbo. Shika neno moja, kisha tazama kiishio chake. Wingi wa *gastiz ni *gastīz. Umoja na wingi vyote vina i, ila ya umoja ni fupi, ikadondoka mapema kwenye tawi lililozaa Kijerumani. Ile ndefu ya wingi ilidumu hadi Kijerumani cha kale, gesti, ikaivuta a ifanane nayo, ikawa e, ambayo leo huandikwa ä. Kinorsi cha kale, lugha ya kale ya Skandinavia, kina gestr hata kwenye umoja, kwa kuwa huko i fupi nayo iliivuta a kabla ya kudondoka. Hapo z ya mwisho imekuwa r.

Ukidhani wataalamu wamebuni tu, tafuta pembe ya dhahabu ya Gallehus, Denmark, ya mnamo mwaka 400, iliyochimbuliwa 1734. Iliandikwa: ek hlewagastiz holtijaz horna tawido, yaani mimi Hlewagastiz Holtijaz nilitengeneza pembe. Lugha yake ni changa kidogo kuliko lugha mame, lakini -gastiz hiyo hapo, nzima! Mtenda ana -iz na -az, kitendwa horna kina -a. Mstari huu mmoja ulinifundisha kuliko kurasa kumi za jedwali. Pembe yenyewe iliibwa 1802 ikayeyushwa, tunategemea michoro.

Ukishazoea viishio, rudi nyuma zaidi. Kilatini kina hostis, kwanza mgeni, baadaye adui. Kirusi kina gost, mgeni. Vyote vinatoka *ghostis, neno la lugha mame ya Kihindi-Ulaya iliyozitangulia zote: gh ikawa g katika Kijerumaniki na h katika Kilatini, na o ikawa a katika Kijerumaniki.

Jedwali lifungue sasa. Kwenye umbo la umiliki vitabu vitatofautiana, kimoja *gastīz, kingine *gastaiz. Andika yote mawili, usonge mbele.