Barua kwa mwanangu: kaulize kwanza habari za tela

Mbukwa mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Unasema kinu cha alizeti umemwachia mwenzako, unataka kurudi kwenye malori baada ya miaka saba, na matajiri wawili wamekupa nafasi. Mmoja ana Scania ya zamani ya gia za mkono, mwingine ana kichwa kipya cha otomatiki. Unaniuliza uchukue ipi.

Kichwa utakizoea ndani ya wiki. Mimi nataka kujua wanakifunga tela gani nyuma. Kichwa huvuta, tela huua. Mama yako amechoka kulisikia neno hili, lakini sijapata sababu ya kuliacha.

Kabla hujakubali kazi, omba nusu saa uingie chini. Lori liwe mahali tambarare, matairi yawekewe kabari, upepo wa breki ujae mpaka baa 7, halafu achia hendibreki. Piga alama ya chaki kwenye rodi, chuma kinachosukuma breki, pale inapotokea kwenye busta, lile kopo la upepo karibu na tairi. Utingo akanyage breki mpaka chini na asiachie, nawe upime alama imesogea kiasi gani. Kwa hizi busta kubwa za kawaida, rodi ikivuka sentimita 5 usiihesabu hiyo breki, hata kama kwenye tambarare gari linasimama vizuri. Mlimani dramu, lile pipa la chuma linalozunguka na tairi, hupata moto, hutanuka na kuvikimbia viatu vinavyolibana, kwa hiyo rodi inahitaji kusafiri zaidi ili ivifikishe. Kama safari yake ilishakwisha dramu likiwa baridi, utakanyaga hewa. Pima pande zote sita za tela, usiridhike na ya kwanza.

Ajasta za mkono, zile za kukazia breki, kaza mpaka viatu viguse dramu, kisha rudisha nusu mzunguko. Zile zinazojikaza zenyewe usizikaze kila siku. Zikilegea kuna kitu kimekufa, mara nyingi bushi, na ukikaza tu unauficha ugonjwa.

Ndiyo maana siku ile ya mteremko wa Saranda bado inanichoma. Tumetoka Singida na mashudu, tunateremka kuelekea Kintinku, nikasikia harufu ya breki. Nikakuamuru usimame, nikakutoa kwenye usukani mbele ya utingo, nikakwambia hujui gia. Hukujibu. Ulikaa kushoto kimya mpaka Bahi. Jioni, tulipofika Dodoma, niliingia chini na chaki. Rodi nne za tela kati ya sita zilikuwa zimepita sentimita 6. Kichwa peke yake kilikuwa kinauzuia mzigo wote, ndiyo maana kilinuka. Harufu ilitoka mbele, ugonjwa ulikuwa nyuma. Nilizikaza usiku uleule, wala sikukwambia. Leo nakwambia.

Kweli, ulichelewa kushusha gia. Ungeishusha kabla mteremko haujaanza, breki zisingenuka vile. Hapana, hilo nalisema kujitetea. Gia sahihi isingelirudishia tela breki zake, na aliyepaswa kulipima asubuhi ile ni mimi. Miezi mitatu baadaye ukahamia kwenye alizeti, na sijawahi kukuuliza kama mambo hayo mawili yana undugu.

Hiyo otomatiki nayo ina hatari yake. Ukiiacha ijichagulie gia mteremkoni, injini ikizidi mizunguko inaweza kupandisha gia yenyewe, na hapo mzigo ndio unaokuendesha. Ukifika mlima Sekenke, kabla ya kuanza kushuka, hamia gia za mkono, funga gia ya chini, washa retarda au breki ya ekzosi, zinazopunguza mwendo bila kutumia dramu. Breki ya mguu ikanyage kwa nguvu mpaka mwendo upungue kama kilomita 10, kisha uachie kabisa dramu zipumue. Kuikanyagia kidogo kidogo bila kuachia ndiko kunakozipika. Na frii, yaani kuteremka bila gia, usiweke, hata wenzako wakikusifia dizeli waliyookoa.

Leseni ya daraja E ihuishe kwanza. Mizani nayo siyo ile uliyoiacha: sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ilianza kutumika kwetu mwaka 2019. Semi ya ekseli sita mwisho wake ni tani 50, yaani 8 za mbele, 18 za ekseli mbili za kati na 24 za tela, na kila fungu linapimwa peke yake. Mzigo ukisukumwa mbele mno, jumla inaweza kuwa halali na bado watu wa mizani ya Njuki, Singida, wakakuzuia kwa ekseli. Simama pale wanapopakia mpaka gunia la mwisho.

Kati ya hao matajiri wawili ninaye ninayemwegemea, na ulimi unaniwasha. Sitamtaja mpaka uwe umeingia chini ya matela yote mawili. Chaki na rula ya chuma vimo kwenye boksi langu la spana. Pita uchukue kabla ya Jumamosi, na ukitaka nije kukukanyagia breki, nitakuja.

Baba yako