Nikea na vitabu vya Biblia
Wapo wanaosema vitabu vya Biblia vilichaguliwa na Mtaguso wa Nikea, yaani ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325. Hapana ndugu, haukuvichagua. Zile kanuni zake 20 zipo mpaka leo, ukizisoma utakuta habari za kuweka maaskofu, makasisi wanaokopesha kwa riba, hadi kutopiga magoti Jumapili, ila orodha ya vitabu hamna kabisa. Kilichowakutanisha maaskofu hasa ni Ario, kasisi aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu, yaani Yesu, aliumbwa. Vile 27 vya Agano Jipya aliviorodhesha Athanasi, askofu wa Aleksandria, kwenye barua yake ya Pasaka ya 367, halafu mitaguso ya Afrika Kaskazini, Hippo 393 na Karthago 397, ikapitisha, na vingi vilishakuwa vinasomwa makanisani zamani sana. Agano la Kale ndo bado tunatofautiana, Wakatoliki 46 Waprotestanti 39.