Uliza Bwana Shamba: Njano ya mahindi si njano ya soya

Swali: Shikamoo bwana shamba. Nina ekari mbili za mahindi na moja ya soya hapa Namtumbo. Mahindi yana wiki tano. Mvua imenyesha siku kumi mfululizo, na sasa majani ya chini yamegeuka njano. Soya nayo imepauka. Ninunue urea mifuko mitatu nimalize kote?
*Msomaji, Ruvuma*

Jibu: Marahaba. Mitatu hapana. Soya haimo kabisa kwenye hesabu hiyo, na hata ya mahindi usinunue kabla hujashika jani.

Njano ikianzia kwenye ncha na kuingia katikati ya jani kwa umbo la V, ni upungufu wa naitrojeni, chakula kinacholetwa na urea: mvua imeizamisha chini ya mizizi. Zikiungua kingo huku katikati kukibaki kijani, ni potasiamu, na urea haitaiponya. Michirizi kwenye majani machanga ya juu mara nyingi ni salfa au zinki. Ikiwa ni salfa, SA (salfeti ya amonia) inafaa kuliko urea.

Kama maji bado yametuama, chimba mfereji kwanza. Mzizi usiopata hewa haunywi mbolea.

Kisha hesabu mashina. Kwa mistari ya sentimita 75, pima mita 5.4 kwenye mstari mmoja, hesabu, zidisha kwa 1,000: hayo ndiyo mashina ya ekari. Rudia sehemu tano. Uliyepanda 75 kwa 30 ulitarajia kama 18 kila kipimo. Ukipata 11 au 12, mfuko mzima kwa ekari ni kulisha magugu, punguza. Shamba likiwa limejaa, mfuko wa kilo 50 unatoa karibu gramu 3 kwa shina, kidogo zaidi ya nusu ya kizibo cha soda. Palilia kwanza, weka sentimita 10 hivi kutoka kwenye shina, fukia. Urea iliyoachwa juu hugeuka hewa, hasa jua likiwaka juu ya udongo wenye unyevu.

Soya ichimbue kwa jembe, usiing'oe kwa mkono, maana vinundu vya mizizi, ambamo bakteria huipatia soya naitrojeni kutoka hewani, hubaki ardhini. Pasua vinundu kwa ukucha. Vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, vinafanya kazi: achana navyo, ukimwaga urea vitalegea. Vya kijani au kahawia vimekufa. Kama hakuna kabisa, bakteria hao hawamo kwenye udongo wako, au chanjo ya mbegu (bakteria haohao wa kupaka mbegu) ilipikwa na jua dukani. Msimu ujao changanya chanjo kivulini, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu.

Swali: Nimepulizia viwavijeshi vamizi mara mbili, bado wapo. Dawa feki?

Jibu: Huenda, lakini ulipulizia saa ngapi? Mchana kiwavi yuko ndani ya moyo wa mhindi, pale majani machanga ya juu yalipojikunja, amejifunika kinyesi kama unga wa mbao. Pulizia asubuhi mapema au jioni, ukielekeza pua ya bomba ndani ya moyo huo, kiwavi angali mdogo, majani yakiwa na vidirisha tu (madoa meupe yanayopitisha mwanga). Akishafika sentimita tatu dawa nyingi humshinda. Na mara ya pili badili kundi la dawa, yaani namna inavyoua, si jina la chupa.